Mkono wa Kulia wa Mke Wangu

Mke wangu aligongwa na gari Jumamosi mchana, jua kali na barabara kavu, akirudi kutoka soko la Nakawa, hapa Kampala, na mzigo wa nywele za kusukia mapajani. Alikuwa amepanda boda ya mzee mmoja mwenye mvi ambaye wanawake wengi wa saluni za Namuwongo humwita yeye tu, kwa sababu haendeshi kwa fujo. Gari lilitoka upande wa mabaa, likavuka mstari, likawachukua wote wawili kwa ubavu. Mzee alichubuka magoti. Mke wangu aliangukia mkono wa kulia, na yeye ni msusi.

Mimi nashona viatu. Nina kibanda kando ya reli, na siku ile nilikuwa nimebana soli ya kiatu kati ya magoti simu ilipoita. Ilikuwa namba ya mke wangu, lakini sauti ilikuwa ya yule mzee.

"Ssebo, njoo Nakawa. Mama yuko hai. Ila mkono wake si mzuri."

Nyuma ya sauti yake nikamsikia mwenyewe akipiga kelele: "Mwambie afunge kibanda kwanza! Asiache viatu vya watu nje!"

Hapo nikajua kwamba hafi. Nikafunga kibanda na kwenda.

Nilimkuta amekaa kando ya barabara, mkono ameulaza pajani, kifundo kimepinda upande ambao Mungu hakukusudia. Uso wake ulikuwa na jasho lakini macho yalikuwa makavu. Mama mmoja muuza ndizi za kuchoma alikuwa ameokota zile nywele zote barabarani na kuzifunga kwenye kavera, mfuko wa plastiki. Mbele yao watu walikuwa wamelizunguka gari, na katikati yao alisimama mwanamume mnene wa makamo, kavaa kanzu nyeupe na koti jeusi juu yake, vazi la watu wanaotoka kwenye sherehe ya kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe. Kanzu ilikuwa na doa refu la kinywaji kifuani. Alikuwa ameegemea mlango wa gari lake, na nadhani bila ule mlango angekaa chini.

Mzee wa boda alinieleza yaliyotokea kabla sijafika. Watu walikuwa wamemtoa yule bwana ndani ya gari na kuanza kumshika kola, mmoja ameshaokota jiwe. Mke wangu, mkono umevunjika, alipaza sauti kutoka pale chini kwa Kiswahili chetu cha Uvira, Kongo: "Musimupige! Mukimupiga atakuwa yeye ndiye mugonjwa, mimi nitasahauliwa! Muacheni apimwe!" Watu wakacheka, na mtu akishacheka ni vigumu kurusha jiwe. Wakamwacha.

Askari wa trafiki alipofika, mwanamke mwenye sare nyeupe zilizopigwa pasi vizuri, alikuja na kile kifaa cha kupima pumzi ambacho watu wa Kampala wanakiita kawunyemu, neno la Kiganda, kama vile unaambiwa unuse kidogo. Yule bwana hakukitaka. Alituelekea sisi.

"Nnyabo, tuongee," alimwambia mke wangu kwa Kiganda. "Mimi si mtu mbaya. Nitakupeleka kliniki nzuri sasa hivi, tuyamalize hapa hapa."

"Pumulia kwanza kidude cha afande," mke wangu akamjibu. "Halafu tutaongea."

Akapumulia. Afande akatazama kile kioo kidogo, akamtazama yeye, akatikisa kichwa kama mama anayeona daftari la mtoto mvivu. Akaandika maelezo ya mzee wa boda na ya muuza ndizi, akapima barabara kwa hatua, akatukabidhi karatasi ya kumpelekea daktari, akatuonya tusiipoteze. Gari likabaki na polisi. Bwana mwenye kanzu akapelekwa kituoni, na sisi hospitali ya serikali.

Mifupa miwili ya kifundo ilikuwa imevunjika. Walimfanyia upasuaji, wakamwekea vyuma. Daktari alisema mifupa itaunga, lakini vidole vitachukua muda mrefu kurudi, na huenda visirudi vyote kama zamani. Mke wangu alimsikiliza kwa heshima hadi alipoondoka, kisha akanigeukia.

"Papa," akasema, maana hivyo ndivyo wanawake wa kwetu wanavyowaita waume waliozaa nao, "ameniuliza kazi yangu?"

"Hakuuliza."

"Basi hajui anachokisema." Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza. Nilimshika ule mkono mwingine hadi akalala.

Wiki iliyofuata ndugu za yule bwana walikuja nyumbani. Walikuja kwa adabu, siwezi kusema uongo. Walileta mkungu wa matoke na mananasi, wanawake wakapiga magoti kusalimu, wakatoa pole ndefu. Kisha kaka yake mkubwa akasema ndugu yao ana duka la vifaa vya ujenzi, ana watoto, kesi itamwaibisha. Wao wako tayari kutoa kitu cha dawa, nasi twende polisi tuseme tumesameheana.

Nilimtazama mke wangu. Sisi ni wakimbizi, na mkimbizi hujifunza mapema kutotembea katikati ya barabara. Majirani walikuwa wameshatuambia tupokee chochote, kwani nani atamsikiliza Mkongomani mbele ya mwenye nchi? Sikuwa na hakika kwamba walikosea.

Mke wangu aliwashukuru kwa matoke. Akawaambia mananasi ya mwaka huu ni matamu. Halafu akasema, "Mimi nilikimbia mahali ambapo sheria ilikuwa imekufa. Nimefika hapa nikaikuta iko hai. Sasa mnataka niikimbie na hii?"

Walikunywa chai yao, wakaaga vizuri, wakaenda. Matoke tuliyala.

Kanisani kwetu kuna mama aliyetuelekeza kwa ofisi ya mawakili wanaosaidia watu bila malipo. Tulipokelewa na wakili msichana, mdogo kuliko nilivyotarajia, aliyevaa raba nyekundu na koti la suti. Alitukalisha, akatueleza taratibu, akirudia kila tulipokunja uso.

Alisema kuna njia mbili, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni kesi ya serikali dhidi ya dereva. Kuendesha ukiwa umelewa ni kosa hata kama hukumgusa mtu, na adhabu yake ni faini au kifungo au vyote viwili, na mahakama inaweza kumnyang'anya leseni kwa muda. Kama ameumiza mtu, mambo yanakuwa mazito zaidi, na kama ameua, mazito mno. Kesi hiyo si yetu. Sisi ni mashahidi ndani yake, na ndiyo maana hata tukienda polisi kusema tumesamehe, si sisi wenye neno la mwisho. Hakimu akipenda anaweza kuamuru mwenye kosa amlipe aliyeumia, lakini tusiitegemee sana amri hiyo.

Njia ya pili ndiyo yetu: kesi ya madai. Hapo tunaweza kumdai dereva gharama za matibabu, kazi iliyopotea, na hata maumivu yenyewe. Gari lingekuwa la mtu mwingine tungeweza kumdai na mwenye gari. Kuna pia bima ambayo kila gari linapaswa kuwa nayo kwa ajili ya watu linaowagonga. Nayo hulipa, ila kiwango chake ni kidogo, tusishangae. Akatuambia tutunze kila risiti ya dawa, tusitie sahihi karatasi yoyote ya ndugu wa dereva bila yeye kuiona, na tusikae sana, kwa sababu madai yana muda wake, ukipita mlango unafungwa.

"Na tukitaka kupatana naye?" nikauliza.

"Mtapatana," akasema. "Lakini mtapatana mkiwa mmekaa kwenye viti, si mkiwa mmepiga magoti."

Mke wangu alimpenda kuanzia hapo. Njiani aliniambia, "Yule mtoto nitamsuka bure." Kisha akautazama mkono wake uliofungwa.

Saluni yetu ni chumba kimoja cha mabati chenye kioo kirefu na viti vitatu. Baada ya ajali ilifungwa, na wateja wakaanza kuzoea kwingine. Mke wangu alikaa nyumbani akihesabu vichwa vya watu wanaopita njiani na kutaja nani kamsuka nani na wapi kakosea. Jioni moja nikiwa nashona kandambili mlangoni, nilimwona ananitazama vidole.

"Papa, njoo hapa."

"Nini?"

"Unavuta uzi vizuri. Sikuwahi kuangalia." Akaniita nipige magoti mbele ya binti yetu mkubwa, aliyekuwa anasoma chini mkekani. "Gawa nywele hapo. Tatu. Si hivyo, unagawa ardhi? Sawasawa."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kusuka. Binti yetu aliteseka kwa ajili ya familia, alienda shule na mistari iliyopotea njia. Mke wangu alikaa nyuma yangu kwenye kiti, mkono wa kulia kwenye mto, wa kushoto ukinionyesha kwa mpini wa kitana. Kila nilipokosea alinigonga begani. Vidole vyangu vilikuwa vigumu na vilinuka gundi na rangi ya viatu; alinifanya nivioshe kwa limau na sabuni mpaka vikawa laini kama vya karani. Nilijifunza mistari ile ya kulala kichwani ambayo Kampala wanaiita biswahili, jina lililomchekesha mke wangu tangu siku tulipoingia mji huu, kwa sababu, alisema, ni Kiswahili pekee ambacho kila mtu hapa anakijua sawasawa.

Tulipofungua tena saluni, wanawake walikuja kunitazama kwanza. Walisimama mlangoni, wakaziba midomo. "Banange, mwanamume!" Mama mmoja jasiri, muuza mkaa, akakaa kitini na kusema yeye hana mume wa kumwonea haya, nimsuke tu. Mke wangu alisimama nyuma yangu kama mwalimu wa kwaya. Nilimaliza jioni. Mama mkaa akajitazama kwenye kioo, akageuka kushoto, akageuka kulia.

"Anavuta sana," akasema. "Lakini haitafumuka."

"Amezoea ngozi ya ng'ombe," mke wangu akamwambia. "Mvumilie."

Baada ya wiki chache nilikuwa na wateja wangu mwenyewe. Asubuhi nilishona viatu, mchana nilisuka, na mtu aliyetaka vyote viwili alihudumiwa hapo hapo.

Kesi ya serikali ilianza kusikilizwa mvua za mwanzo zikinyesha. Yule bwana alikana. Wakili wake alisema boda ndiyo iliyoingia njiani. Kwa hiyo mke wangu akaitwa kutoa ushahidi, na kwa kuwa Kiingereza hakijui na Kiganda chake ni cha sokoni, alipewa mkalimani wa Kiswahili. Mkalimani alikuwa askari wa siku nyingi, mpole, mwenye Kiswahili cha kambini ambacho r na l zilikuwa zimebadilishana nyumba.

"Mama," alianza, "sasa ambia mahakama. Wewe iliona hiyo gali namna gani?"

Mke wangu akafikiri. "Ghali namna gani? Mimi sijui bei yake, afande. Niliona tu linakuja."

Chumba kizima kikacheka, hata karani. Hakimu, mama mwenye miwani, aliomba aelezwe, na alipoelezwa akauma kalamu ili asicheke. Askari naye alicheka. Kuanzia hapo woga ulimtoka mke wangu. Alieleza kila kitu: upande ambao gari lilitokea, jinsi mzee alivyopiga honi, jinsi yule bwana alivyotolewa garini akauliza nani amemgonga. Wakili wa utetezi alimuuliza kama alikuwa na hakika kwamba mtu yule amelewa, yeye si daktari.

"Si daktari," akasema. "Lakini nimeolewa miaka mingi na nina kaka wanne."

Baada yake alikuja muuza ndizi, kisha afande wa trafiki na matokeo ya kifaa chake. Tuliporudi siku nyingine kuendelea, wakili wa yule bwana alisimama akasema mteja wake amebadili maneno yake, anakubali kosa.

Hakimu alizungumza polepole kabla ya kutoa adhabu. Alimwambia kwamba gari lake lilimkuta mwanamke akiwa kwenye shughuli yake, hana kosa. Akampa faini, na asipoilipa ni jela. Akamnyang'anya leseni kwa muda. Akaamuru alipe sehemu ya gharama za hospitali. Yule bwana aliinamisha kichwa. Mkewe, aliyekuwa safu ya nyuma, alijifunika uso kwa leso.

Nje, mke wangu alisimama kwenye ngazi za mahakama kwa muda mrefu.

"Ni hivyo tu?" akaniuliza.

"Ulitaka afungwe?"

"Sijui nilitaka nini. Nilidhani wakishamhukumu nitausikia mkono umekuwa mwepesi." Akajaribu kukunja ngumi, vidole vikaishia nusu ya njia. "Twende. Kuna mteja saa nane."

Wakili wa raba nyekundu alifuata ile njia ya pili. Bima ililipa, kidogo kama alivyotuonya, na kwa kuchelewa. Kuhusu yaliyobaki, kabla ya kesi ya madai kusikilizwa, tuliitwa kukaa na mpatanishi wa mahakama katika chumba kidogo chenye meza ya duara. Yule bwana alikuja na wakili wake. Alikuwa amepungua, amevaa shati la kawaida, na viatu vyake vilikuwa na matope kwa sababu sasa alikuwa anatembea kama sisi.

Mpatanishi alimpa nafasi ya kusema.

"Mama, nilikuwa nakuogopa," akasema kwa Kiswahili. Sikujua kwamba alikijua. Baadaye alisema alijifunza akifuata saruji Kenya. "Siku ile nilikuwa msemaji wa familia yetu kwenye sherehe ya mtoto wa ndugu yangu. Kila aliyefurahia maneno yangu aliniletea glasi."

"Basi ulisema vizuri sana," mke wangu akamwambia.

Aliangalia meza. Sikuweza kujua kama anataka kucheka au kulia. "Nisamehe, mama."

Mke wangu akauweka mkono wa kulia juu ya meza, kovu likiwa juu, ili auone. Hakufanya hivyo kwa ukali. Aliuweka tu, kama anayeonyesha kitambaa kwa mnunuzi.

"Kusamehe nitakusamehe," akasema. "Na kulipa utalipa. Hayo mawili hayajuani."

Wakili wetu aliinama haraka kutafuta kitu kwenye mkoba wake, lakini niliona anatabasamu. Wakajadiliana mpaka mchana. Yule bwana alikubali kulipia mazoezi ya mkono na upasuaji wa pili wa kutoa vyuma, na kufidia kazi iliyopotea, kidogo kidogo kupitia ofisi ya wakili. Iliandikwa, tukasomewa kwa Kiswahili neno kwa neno, tukatia sahihi.

Kwenye korido alitufuata. "Pombe nimeacha, mama."

"Hilo mwambie mkeo, atafurahi," akajibu. "Mimi niahidi kwamba ukinywa hutagusa gari."

Akaahidi. Sijui kama ameitunza ahadi hiyo. Muda wa adhabu ulipokwisha aliruhusiwa kuendesha tena, na sina njia ya kumchungulia. Malipo aliyachelewesha mara kadhaa, wakili akampigia simu, akalipa. Alipomaliza sehemu ya mwisho, mkewe alikuja Namuwongo bila kualikwa, akakaa kwenye kiti cha mke wangu, akaomba asukwe. Walizungumza habari za watoto na bei ya unga. Yule bwana hawakumtaja. Tangu hapo huja kila anapofumua.

Vyuma vimetolewa. Mkono unashika kitana, unashika mwiko, unapiga makofi kanisani, ingawa hayalii kama zamani. Baridi ikija unamuuma, na huwa naukanda kwa mafuta ya moto huku akinisimulia nani ameachana na nani. Misuko minene anaiweza. Ile myembamba kama uzi imebaki kuwa yangu, na kuna wateja ambao sasa wakiingia huuliza, "Papa yuko?" Yeye hujifanya kukasirika.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na bibi harusi, kichwa kikubwa, nywele nyingi. Tulimsuka pamoja, mke wangu akianzia mbele na mimi nyuma, hadi msichana wa watu akasinzia katikati yetu. Mvua ilianza kupiga mabati, tukawa hatusikiani. Nikasimama kunyoosha mgongo. Mke wangu akanitazama kwenye kioo, akaja upande wangu, akachukua msuko niliokuwa nimeushika.

"Umechoka, Papa," akaniambia sikioni. "Kaa. Nitamalizia mimi."

Ilikuwa imebaki mistari mitatu, myembamba. Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikamtazama akiisuka, taratibu sana, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo, na sikumharakisha.